Simu ya Upepo kwa Mama Mkwe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, king'ora cha kiwanda kililia chini ya meza yangu. Pale Shituru, kwenye kiwanda cha shaba cha Likasi, king'ora kilikuwa saa yetu, kengele yetu ya kanisa na, kwa wasiofuga kuku, jogoo wetu. Lakini katika miaka ile ya tisini, kila kitu kilipokuwa kikiporomoka, mitambo ilizimwa idara baada ya idara, na king'ora chenyewe kilikuwa kimenyamaza kwa majuma kadhaa. Kwa hiyo niliposikia mlio mrefu ukipanda na kushuka kwa ufundi wote karibu na magoti yangu, moyo uliniruka. Katika chumba cha pili, mzee wa mizani alikwisha kuvua koti lake la kazi na kuanza kutafuta baiskeli.

Aliyelia alikuwa binti yangu Mwadi, ambaye wakati huo hakuweza kusema hata sentensi moja kamili.

Nilikuwa mkemia katika maabara ya kiwanda hicho. Nilikuwa pia na tasnifu ya udaktari iliyosimama njiani kama treni iliyoishiwa mafuta, kwa kuwa chuo kikuu kilifungwa na kufunguliwa kama mlango wa duka. Mume wangu, Ilunga, alikuwa fundi mitambo huko Kakanda. Alikuwa akija Likasi kila Jumamosi kwa baiskeli na kuondoka Jumapili baada ya misa. Mshahara wetu ulianza kwa kuchelewa, ukaendelea kwa kugeuka magunia ya unga wa mahindi, na mwishowe ukawa habari tu. Na yaya hali habari, kwa hiyo wa kutushikia mtoto tukamkosa. Nilijaribu kupika sabuni ya mafuta ya mawese ili kuziba pengo. Ilikuwa sabuni sahihi kabisa kikemia, ila akina mama wa sokoni walisema haina harufu, tena inatoa povu kwa kiburi kama aliyeipika.

Majirani walinishikia mtoto kwa zamu, mpaka nao wakatawanyika, mmoja baada ya mwingine, kwenda kuuza makaa na mihogo. Ndipo nikaanza kumleta kazini kwa siri. Nilimtandikia kanga ndani ya sanduku la mbao lililokuwa la chupa za sampuli. Nilifikiria upande unakotoka upepo, umbali wa kabati la asidi, hata ubavu anaoulalia. Jambo moja tu halikunipitia akilini: kwamba mtoto huamka. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, walisema wahenga. Wangu nilimlea kiwandani chini ya meza, akakua king'ora.

Mkuu wa maabara, mtu mpole wa makamo tuliyemwita Chef, aliingia kuuliza nani amewasha mitambo. Aliinama. Mwadi alikuwa amesimama ndani ya sanduku, ameshika kizibo cha buluu cha chupa ya asidi, akikipeleka kinywani kama kipande cha muwa. Chef alikichukua taratibu, akampa kalamu yake badala yake. Nilianza kumweleza kwamba chupa ile ilikuwa tupu, kwamba ilikuwa imesuuzwa, na kwamba ningeweza kuthibitisha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Madame, minye niko na batoto saba," alisema. "Asidi haiulizake muntu diplôme. Nakupatia hii semaine. Kiisha, kama mutoto anarudi hapa, weye utabakia naye ku nyumba."

Wiki moja tu, na hakupaza sauti. Kibaya zaidi, alikuwa na haki. Kazi ile, hata bila mshahara, ndiyo iliyotupa nyumba ya kampuni, unga, na vifaa vya kumalizia tasnifu. Kuipoteza kulikuwa kuezua paa. Na kizibo kile, mwanangu, hadi leo kila nikiona chupa natafuta kwanza kizibo chake kiko wapi.

Jumamosi Ilunga alikicheka sana kisa cha king'ora. Nilipofika kwenye kizibo aliacha kucheka, akasema tumwite mama yake kutoka Kamina. Kumwita mama yangu mwenyewe hakukuwezekana, maana kwa mila zetu mume halali nyumba moja na mama wa mkewe. Basi alibaki mama mkwe: yule ambaye siku ya harusi yetu aliona vitabu vyangu vikiingizwa ndani kabla ya sufuria, akauliza mbele ya mashangazi wote kama hivyo navyo vinaiva. Tangu siku ile niliapa kwamba hatasikia neno la kushindwa kutoka kinywani mwangu. Kila msafiri wa treni ya Kamina nilimtuma salamu zilezile: tuko salama, mtoto ananawiri, tasnifu inasonga mbele. Kati ya hayo matatu, mtoto peke yake ndiye aliyekuwa ananawiri.

"Mama hakulake bantu," aliniambia Ilunga Jumapili baada ya misa, yaani mama yake hali watu, akapanda baiskeli yake.

Nilibaki nafikiri. Nilifikiria kumwomba padre. Nilifikiria kumzoesha Mwadi kunyamaza, kidogo kidogo, kama jaribio la kisayansi. Kila njia niliipatia pingamizi, na kila pingamizi nikalipinga, mpaka kufika chakula cha mchana nilikuwa nimethibitisha kwa hoja zisizo na kasoro kwamba tatizo langu halina ufumbuzi. Wakati huo ufumbuzi ulikuwa umekaa Kamina, unabambua karanga.

Mwanangu, hapa nisimame nikupe nilichokuitia, kwa kuwa nawe sasa ni mama mwenye kazi, maana nikishafika kwenye simu sitakuwa na la kuongeza. Kazi yako ishike. Asiye na shughuli asikutishe kwamba mama mwenye kazi hana mtoto. Lakini usiufanye uchovu wako kuwa siri ya serikali. Mficha uchi hazai; nami naongeza kwamba aliyekwisha kuzaa, akiendelea kuuficha, hataweza kulea. Upungufu wa nyumba mume na mke wauseme pamoja, na mapema, kabla haujaanza kujisemea wenyewe mbele ya wakubwa wa kazi. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kama kidole hicho kimesoma. Na ukiomba msaada, omba kwa maneno machache; hotuba ndefu ni nguo ya kiburi.

Alasiri ileile nilimfunga Mwadi mgongoni, nikaenda kwenye phonie, ile simu ya upepo, yaani redio ya mawasiliano, iliyokuwa katika kijumba karibu na stesheni. Watu hukaa kwenye benchi wakingoja zamu, na kila mmoja husikia ya mwenzake, ya ndoa na ya msiba. Mwendeshaji alinifundisha kubonyeza kitufe na kumaliza kila neno kwa "à vous", yaani zamu yako, na mazungumzo yakiisha kabisa kusema "terminé", la sivyo wa upande wa pili hatajua kama umemaliza au umekufa. Kamina wakamwita mama mkwe. Alipofika nilianza hotuba niliyoiandaa, kuhusu hali ya uchumi kwa ujumla na njia mbalimbali nilizozipima.

"Mama Mwadi, minye sisikii kintu. Unaomba, ao unafundisha? À vous."

Benchi lote lilicheka. Mwanamke mmoja mwenye kikapu cha dagaa alinivuta kanga. "Sema yenye iko mu roho, mama. Siye bote tunangojea."

Nikabonyeza. "Mama, nimeshindwa. Mutoto nilimuficha mu labo. Mukuye munisaidie. À vous."

Chombo kilichachatika kama mafuta ya kukaangia.

"Aa. Sasa nimesikia. Nitakuya na treni ya kwanza. Lakini usifikiri nakuya juu uache ile kitabu. Huku nilisha kuambia bantu bote kama bibi ya mutoto wangu ni docteur. Hata ku kanisa banajua. Unataka banicheke? Minye nitashika mutoto, weye umalize. À vous."

Nilikibonyeza kitufe, sauti haikutoka. Pengine alidhani nimekufa, kwa maana alirudi hewani kabla ya zamu yake, akanibariki mbele ya umati ule. Na baraka hiyo, mwanangu, nakukabidhi nawe kama nilivyoipokea.

"Mungu akuongezee mikono, akupunguzie maneno, na mutoto wako asikose muntu wa kumubeba. À vous."

Benchi zima likaitikia amina. Mwendeshaji akanionyesha kitufe kwa kidole.

"Amina, mama," nikasema. "Terminé."