Mti wa Saba wa Embong

Mume wangu Embong alikuwa mkaidi, Mungu amrehemu, lakini Terengganu nzima, nchi yetu ya Wamalei, hungepata mikono kama yake. Kila mwaka wa tatu ikulu ilimletea dhahabu, naye akaifua iwe mti: matawi, majani, maua, na ndege wawili juu. Mti ukapakiwa melini kwenda Bangkok kwa mfalme wa Siam. Miti sita aliifua hivyo. Sita! Na hakuna hata mmoja aliouona tena.

"Ni zawadi," alikuwa akisema. "Sultani wetu anampelekea mwenzake zawadi."

"Zawadi gani hiyo yenye zamu?" namtania. "Acheni kuipeleka mara moja tu, tuone kitakachotokea."

Basi alikuwa akininunia mpaka chakula kiive. Mbele ya samaki wa nazi Embong hakuwa na uwezo wa kununa.

Mti wa saba ndio uliomla macho. Alishaanza kuona ukungu, jani moja likimchukua siku nzima. Tulijua wote wawili kwamba hatafanya mwingine. Alitaka kitu kimoja tu, uondoke mzima kama wenzake. Alikuwa amebakiza ndege mmoja siku ile Wan Jusuh, karani wa ikulu, alipokuja asubuhi. Nilimsogezea sinia la tambuu, hakugusa. Nikajua kuna jambo.

"Mzee Embong, weka nyundo chini. Siam katutoa kwa Mwingereza. Wameandikiana hukohuko Bangkok."

"Katutoa? Kwani sisi mbuzi?" nikadakia. "Sultani kaulizwa?"

"Mama Saodah, hata yeye kaletewa habari kama ninavyowaletea nyinyi."

Embong akafuta mikono taratibu. "Haya. Huyo mfalme wa Uingereza anapenda matawi mangapi?"

"Mzee..."

"Nauliza nijue. Na ndege wa kwao wakoje? Nisije nikamtia Sultani aibu."

Kicheko kilinijia, nikakimeza. Alikuwa anauliza kwa dhati, masikini. Maisha yake yote, mkubwa ni mtu wa kupelekewa mti.

"Hawataki mti," karani akasema. "Wanaleta mtu wao, atakaa hapa mjini."

"Akae afanye nini?"

"Akae tu. Aangalie."

"Mpaka lini?"

Wan Jusuh akasema tu kwamba mti uyeyushwe, dhahabu irudi ikulu.

Embong aliomba siku tatu. Nikadhani anatafuta pa kuuficha, kumbe anamalizia ndege wake! Siku ya tatu akanikalisha mkekani, akauweka mti mbele yangu.

"Uangalie vizuri," akaniambia. "Leo wewe ndiye Bangkok."

Nikauangalia. Mimi niliyeutania miaka yote nililia kama mtoto. Ulikuwa mzuri jamani, acha tu. Kisha akautia motoni jani kwa jani, wala hakuniruhusu nimsaidie.

Mwingereza akaja kweli, akajengewa nyumba. Mwanzoni aliangalia na kuandika, kama tulivyoambiwa. Miaka kumi ikapita, ikatiwa sahihi karatasi nyingine, kwamba sasa anamshauri Sultani, na ushauri wake lazima ufuatwe. Embong alikuwa ameshakuwa kipofu kabisa. Nilimsimulia habari hiyo barazani.

"Ushauri usioweza kuukataa?"

"Ndio huo."

Vidole vyake vilichezacheza hewani kama vimeshika jani.

"Mama Saodah, ulisema kweli. Ile miti haikuwa zawadi."

Karibu miaka thelathini nilikuwa nalisubiri neno hilo. Lilipokuja sikulifurahia hata kidogo.

"Lakini ule mti ukishaondoka," akaendelea, "tulikuwa tunakaa miaka mitatu na mambo yetu wenyewe. Huyu nimfulie nini ili aondoke?"

Nikaingia jikoni, nikampakulia samaki wake wa nazi, nikamwekea karibu na mkono. Siku hiyo hakula.