Senje Hakuwahi Kushinda

Nikiwa na miaka tisa nilijua kwa yakini kwamba hakuna mtu Eldoret nzima aliyeweza kunifunga ludo. Nilijigamba shuleni hadi mwalimu akanikataza kulitaja neno hilo darasani. Ushahidi nilikuwa nao: kila tulipokwenda Cheptiret kwa Senje, niliondoka na zawadi ya mshindi, kopo la gorogoro la mahindi na jingine la maharagwe, na siku nyingine kabichi juu yake. Senje ndivyo tunavyomwita kwetu dada wa baba. Huyu wangu aliolewa na karani wa kituo cha kukusanyia maziwa, wakapata kiploti kando ya barabara ya Nakuru, na katika miaka yote niliyocheza naye hakushinda hata mara moja.

Nasema mapema ili msomaji asidhani nampeleka pazuri. Senje huyo alikuja kwangu mara tatu akiwa na njaa, na mara zote tatu nilimwacha arudi nayo. Nimejaribu kuianza habari hii mahali penye heshima zaidi, pale nilipokuwa mtoto tu, lakini kila nikianza hapo naona nadanganya.

Nyumbani kwetu kulikuwa Huruma, chumba kimoja cha kupanga, pazia katikati. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo mpaka kilipofungwa. Baada ya hapo aliendelea kuamka alfajiri, kunyoa ndevu na kutoka, akashinda kwa mafundi wa jua kali akiwatazama wenzake wakichomelea madirisha. Mama aliuza sukuma wiki kando ya njia. Jumamosi nyingine mama alifungua kopo la unga, akalitazama, akalifunga, kisha akatupangusa nyuso sisi watoto watatu na kusema, kwa sauti ya furaha kabisa, kwamba leo twende tukamfunge Senje ludo. Tuliruka. Jirani mmoja alikuwa na lori la kokoto lililopita njia ile, naye alitupakia bila kutuuliza lolote. Baba hakuja. Siku zote alikuwa na mtu wa kuonana naye.

Ubao wa ludo aliuchora mume wa Senje kwenye kipande cha plaiwudi, kwa rangi iliyobaki alipopaka milango. Kete zilikuwa vifuniko vya soda, na dadu tuliitikisa ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka. Sheria za nyumba ile zilikuwa mbili. Ya kwanza, mchezo haukatizwi. Ya pili, mtu yeyote aliye ndani ya nyumba mchezo ukiendelea ni mchezaji, si mgeni. Mimi nilidhani hizo ni sheria za ludo kila mahali.

Maana ya ile ya pili huipati mpaka uwe umelelewa na mama kama wangu. Mgeni hukaribishwa chakula, na mgeni mwenye adabu husema ameshiba, ametoka kula sasa hivi. Mama angesema hivyo hata kama alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana yake. Mchezaji hakaribishwi. Mchezaji hushtukia sahani ya ugali imewekwa karibu na goti lake, na mkono wake ungali umeshika kopo la dadu. Kwa hiyo Senje aliuvuta mchezo mpaka chakula kiive. Akiona mama anaanza kujifunga leso ya safari, alimkaripia wifi yake huyo mbele yetu: kete yako iko njiani, unamwachia nani? Tukala, tukacheza tena, giza likaingia, tukalala pale pale kwenye mikeka. Asubuhi kulikuwa na chai ya maziwa na viazi vitamu kabla ya kwenda kanisani.

Alicheza kwa kelele nyingi. Aliilaumu dadu, alimlaumu mumewe kwa kuuchora ubao upande, alidai tumepitia kwa mganga. Akipata sita, aliiacha kete yake iliyokaribia kufika na kuisogeza ile ya nyuma, akaiweka mahali ambapo yangu ingeweza kuila. Niliila. Nilimcheka hadi nikagaagaa sakafuni, nikamuuliza kwani haoni.

"Macho yangu haya, Mama," alisema. "Yananiaibisha."

Aliniita Mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake mzazi. Nami nilijiona mkubwa kweli, mtu wa kumfundisha mwanamke mzima kucheza.

Safari kubwa kuliko zote ilikuwa ya Timboroa. Mume wa Senje aliazima pikapu ya kazini, tukajazana nyuma na magunia matupu, na safari hiyo hata baba alikuja. Sijasahau baridi ya huko. Ukungu ulikuwa unatoka msituni, na nyasi zilikuwa na barafu nyembamba ambayo mdogo wangu aliilamba mpaka mama akamzaba kofi. Tuliingia kwenye shamba la viazi lililokwisha kuvunwa, na Senje akatangaza mashindano: atakayejaza gunia kwanza ndiye mfalme. Tulichimbua udongo kwa vijiti na kwa kucha. Baba ndiye aliyeshinda, akavishwa taji la majani ya viazi, akacheka kwa namna ambayo sikuwa nimemsikia akicheka tangu kiwanda kifungwe. Tukachoma viazi pembeni ya shamba, tukavila kwa chumvi na maganda yake. Tangu hapo nimelala katika hoteli zenye vidimbwi vya kuogelea, na nakwambia sijawahi kufurahi vile. Tuliiita pikiniki. Leo nalijua jina lake halisi, kuokota masazo kwenye shamba la watu.

Mama ndiye aliyenifumbua macho, na hakukusudia. Nilikuwa nimepata kazi yangu ya kwanza, nimemleta mchumba nyumbani, nami nikaanza kumwambia jinsi nilivyokuwa bingwa wa ludo. Mama alikuwa akimenya vitunguu. Alicheka mpaka akakiweka kisu chini. Mchumba alipoondoka alinieleza yote: kopo la unga, lori la kokoto, baba aliyebaki nyumbani ili midomo ipungue mmoja na asimwangalie dada yake usoni. Hakuwahi kumwomba Senje chochote, na Senje hakuwahi kumuuliza. Ludo iliwatosha.

"Wewe hukuwahi kushinda," mama alisema. "Wewe ulikuwa unalishwa."

Niliona aibu, kisha nikaona upendo mkubwa sana, nikaapa moyoni kwamba Senje hatakosa kitu maadamu mimi ni mzima. Viapo vya moyoni ni rahisi, hakuna anayekuja kukudai.

Miaka ikapita kama inavyopita. Mama alifariki. Baba alirudi kijijini na haelewi sana mambo siku hizi. Mume wa Senje akafa, ndugu zake wakakitaka kiploti cha Cheptiret wakakipata, na Senje akahamia chumba cha kupanga Huruma, mistari miwili tu ya nyumba kutoka pale tulipokulia. Mwanawe wa pekee yuko Uarabuni, na mimi nilidhani anamtumia matumizi. Sikuuliza. Nilikuwa nimehamia upande mwingine wa mji, mtaa wenye geti na mlinzi, nafanya kazi ya bima kwa kompyuta nyumbani, nina watoto wawili na nyasi za kukatwa. Haya yote niliyajua kumhusu, mjane, chumba, mwana asiyepiga simu, nikayaweka kila moja mahali pake na sikuyajumlisha.

Mara ya kwanza alikuja Jumamosi saa tisa, na ule ubao wa plaiwudi ndani ya mfuko wa nailoni. Akasema amekuja kulipiza kisasi. Nilifurahi, Mungu anajua. Nikacheka, nikamwambia watoto wa siku hizi hawachezi ludo ya mbao, wana tableti, nikampigia stori za shule yao. Nikamletea chai. Alikunywa vikombe vitatu, sukari vijiko vinne kila kimoja, nami nikawaza kwamba wazee na sukari ni damu moja. Tulikuwa tumekula mchana na jikoni pakaoshwa. Saa kumi na moja nilimwitia bodaboda, nikalipa mwenyewe, nikajiona mtu mwema.

Mara ya pili alinikuta kwenye mkutano wa mtandaoni. Msaidizi wangu wa nyumbani alimweka barazani, na hapo akakaa karibu saa mbili, ubao mapajani. Nilipotoka nilikuwa nimechelewa kuwachukua watoto. Nilimwomba radhi nikiwa natembea, nikamwambia wiki ijayo tutacheza vizuri, akasema haina neno, kazi ndiyo maisha. Msaidizi aliniambia baadaye kwamba alimkaribisha chakula, na mama yule akajibu ameshiba, ametoka kula sasa hivi. Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu mawili. Maneno yale yale ya mama yangu. Nikasema sawa, nikauliza kama nguo zimeanuliwa.

Watu husema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ingekuwa hivyo ningejisamehe. Mimi njaa naijua, nililala nayo chumba kimoja, na nilifundishwa jinsi inavyobisha hodi kwetu. Shida ni kwamba akilini mwangu Senje alikuwa ghala, na nani huuliza ghala kama limekula? Hiyo ndiyo sababu niliyoipata baada ya kutafuta sana. Najua haitoshi.

Mara ya tatu sina hata hiyo sababu. Nilikuwa na ripoti ya kumaliza, nikasikia simu ya mlinzi wa geti, akasema kuna mama mzee anasema ni shangazi yangu, ana ubao.

"Mwambie nimetoka," nilisema.

Kisha nikasimama dirishani ghorofani kuhakikisha anaondoka. Nilimwona akiambiwa. Alimshukuru mlinzi, akauhamisha ubao kutoka kwapa hili hadi lile, akaegemea ukuta wetu kidogo kama mtu anayesubiri kizunguzungu kipite. Niliona amekonda. Nikasema uzee huo, nikarudi kwenye ripoti yangu. Hata sikumbuki ilihusu nini.

Siku tisa baadaye mwanamke wa Huruma alinipigia, jirani yake wa mlango wa pili, muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Senje alikuwa ameanguka karibu na bomba la maji, wakampeleka hospitali. Nilifika nikamkuta kitandani na dripu, mdogo sana, mikono yake imekuwa ya mtoto. Daktari kijana aliniuliza mama huyu alikula vizuri mara ya mwisho lini. Nikamwambia sijui. Akauliza kama ana familia hapa mjini. Nikamwambia anayo, ni mimi. Akaniangalia, akaandika.

Kwa siku mbili nilipika kuliko nilivyowahi kupika maishani. Uji wa wimbi, supu ya kuku, ndizi za kuponda, nikabeba sufuria zimefungwa kwa taulo zisipoe, kila moja nikaipanga juu ya kile kikabati cha kando ya kitanda. Alilamba vijiko viwili vya uji kwa kunifurahisha tu. Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa nyumbani siku ile, kwamba nilimwona. Aliniuliza kama watoto wangu hawajambo, nikasema hawajambo, akafumba macho, na asubuhi ya siku ya tatu nikapigiwa simu nisilete chakula.

Tulikusanyika kwenye ua wa nyumba zao za kupanga Huruma kabla ya kumsafirisha kwenda kuzikwa, viti vya plastiki, turubai, watu wengi kuliko nilivyotarajia. Kila mpangaji alimjua. Wakapewa nafasi ya kusema, na yule muuza omena akasimama, akakunja leso yake, akaomba kumshukuru mtu mmoja hasa.

"Sisi tulikuwa tukipika tunamwita," alisema, akinigeukia. "Anatuambia, nyinyi kuleni, mimi nimetoka kwa mtoto wangu kule mtaa wa geti, amenilisha mpaka siwezi kupumua. Anatuhesabia: leo ilikuwa chapati na kuku, leo ilikuwa pilau. Sasa ungemlazimisha aje? Tukawa tumeacha kumwita, tukijua ako na wake. Watoto kama huyu siku hizi hakuna. Mama, simama watu wakuone."

Watu wakapiga makofi, wengine wakilia. Nilikuwa na nafasi. Kila uso ulikuwa umenielekea, na ukweli ulikuwa na maneno machache tu. Nikasimama, nikawashukuru, nikaketi.