Kumpare wa Kila Mkubwa

Pisto Magbanua ni mchumia tumbo, na nasema hivyo kwa sababu tumbo lenyewe nimelilisha mimi. Kibanda changu cha chakula kinatazamana na kituo cha redio cha mji wetu wa Santa Ligaya, na miaka yote ya kazi yake ya uandishi wa habari za siasa amekula mezani kwangu. Alianza kwa kusoma matangazo ya vifo. Sauti anayo, sikatai. Hata marehemu usiyemjua angekutoa machozi. Wakampa kipindi cha asubuhi, akakiita "Panga", akaanza kufyeka wakubwa.

Watu walimpenda. Fundi viatu wa jirani aliacha nyundo ili amsikilize. Mimi nilimwona akishuka kuja kunywa supu, na alivyonyoosha shingo kila gari la mkubwa lilipopita, kama bibi harusi aliyechelewa kuchukuliwa.

Kwetu, mtu akimshika mtoto wako siku ya ubatizo, wewe na yeye mnakuwa kumpare, na kumpare humsemi vibaya hadharani, liwe liwalo. Wanasiasa wanalijua hilo kuliko padri. Pisto alipomfyeka diwani kuhusu vyoo vya soko, diwani akajitolea kuwa baba wa ubatizo wa mtoto wake wa kwanza. Habari za vyoo zikaisha, uvundo ukabaki. Mtoto wa pili akashikwa ubatizoni na mkuu wa polisi. Sokoni ikawa kichekesho: mkewe Perlita akishika mimba tu, tunaulizana ni mkubwa gani anafyekwa safari hii.

Kisha Meya Salcedo akajenga ukuta wa kuzuia mafuriko ya mto. Pisto alichukua kijiko changu, akaenda kuukwangua ule ukuta, akarudi na kijiko kimepinda, kimejaa mchanga mtupu, saruji hakuna. Kesho yake aliumimina mchanga ule kwenye sahani mbele ya maikrofoni, sote tukausikia. "Huu si ukuta," alisema. "Hili ni kaburi linasubiri watu." Haki ya Mungu, siku hiyo hata mimi nilimpigia makofi. Mtoto wa tatu alipozaliwa, Meya ndiye aliyemshika, nguruwe wa kuchoma akaletwa mzima mzima, na ukuta haukutajwa tena.

Mvua zilipokuja, ukuta ulivunjika. Mto ulimchukua mume wangu, Eleuterio, akiwa anamfungua kamba nyati wetu wa kulimia. Meya akasema ni kazi ya Mungu. Nilitaka jambo moja tu: Pisto aseme redioni alichokiona kwa macho yake, mume wangu asizikwe na uongo. Akanijibu huku akitazama supu, eti hawezi kumvua nguo kumpare wake.

Haya. Perlita alikuwa na mimba ya nne. Yule mwanamke ana haya, mumewe ndiye hana. Alikuja mwenyewe kuniomba nimshike mtoto, na mbele ya padri, Pisto akashindwa kukataa. Nikamshika. Tulipotoka kanisani nilimwambia, "Pare, leo mimi ni mare wako, kumpare wa kike. Kama unavyomtunza Meya, nitunze na mimi. Sema ulichokiona."

"Jumatatu, Mare," akasema, mkono kifuani.

Jumatatu soko zima lilinyamaza. Sauti ikaja, ile ile ya matangazo ya vifo, tamu. Akasema kuna maneno yanazunguka juu ya ukuta, na yeye anaijua nyumba ya marehemu kuliko yeyote, kwa kuwa mjane ni mare wake. "Nasema kwa uchungu," akasema. "Marehemu alikuwa mlevi. Alikwenda mtoni amelewa. Tumwombee, na tumwache Meya wetu afanye kazi."

Eleuterio hakuonja pombe ya mnazi hata siku ya harusi yetu. Mji mzima unajua. Mji mzima ukakaa kimya, maana aliyesema ni kumpare wangu, na nani atabishana na mtu wa nyumbani?

Mchana akaja kula. Ndiyo, alikuja. Akaketi mahali pake, akagonga meza kwa vidole kama kawaida yake. Nikamwekea wali, supu, na kile kijiko kilichopinda. Alikitambua, nilimwona. Wateja wengine wakaacha kutafuna.

"Mare, hakuna kingine?"

"Hicho ndicho chako, Pare. Nilikutunzia."

Nikasimama pale. Nilingoja akitupe, atoke, alie, afanye chochote afanyacho binadamu. Akakipangusa kwenye shati, akala mpaka punje ya mwisho, kisha akasukuma bakuli mbele yangu, akaomba aongezewe supu.