Tochi Ndani ya Shimo la Viazi

Baba mkwe wangu alichimba shimo la viazi lenye kina kirefu kuliko kaburi, na alilipenda kuliko nyumba yake. Ujana wake aliumalizia kwenye migodi ya shaba ya Zambia. Aliporudi milimani Ileje akachimba kama alivyofundishwa kule: mdomo mwembamba wa kupita mtu mmoja, ngazi ya miti, na huko chini chumba kipana kilichotandikwa nyasi kavu. Viazi mviringo tulivyovuna vilishushwa humo vikasubiri bei. Walanguzi wa Tunduma hupenda kuja wakati wa mavuno, wakijua mkulima hana pa kuweka mzigo. Yeye alikuwa na pa kuweka, na alijigamba kwa hilo mpaka watu wakamchoka.

Kwangu hakujigamba. Mimi nilikuwa mkwe, mtoto wa Iyula kwenye kahawa na mahindi, na kwa mila ya pale baba mkwe na mke wa mwanawe hawasemezani wala hawapishani njiani. Kwetu nako wakwe huheshimiana, lakini si kwa kujificha nyuma ya migomba kama mwizi wa kuku. Maneno yetu aliyabeba mama mkwe. Asipokuwepo tulimtumia mbwa. "Mbwa," baba mkwe angesema akitazama upande mwingine, "mwambie mama yako hapo ng'ombe hawajanywa maji." Nami ningemjibu mbwa kwamba nimesikia. Mwanzoni nilicheka hadi machozi, mume wangu akawa ananikanya.

Mwaka ule mvua ziliwahi. Maji yalipenya pembeni mwa shimo, baba mkwe akaziba mdomo kwa bati, turubai na udongo, akashindilia. Haukupita muda nikaanza kusikia harufu. Ilikuwa ya uozo, lakini yenye utamu ndani yake, na ilinifuata mpaka jikoni. Nzi wakajaa juu ya turubai. Nilimweleza mama mkwe, akasema mwenye shimo analijua shimo lake. Nikamweleza mbwa, kwa sauti ya kutosha. Jibu likarudi kwa mbwa huyo huyo: udongo ukilowa hunuka, nani asiyejua? Niliogopa, na woga wenyewe ukanikasirisha, maana sikuwa na pa kuupeleka.

Asubuhi ya kufungua shimo, mume wangu alikuwa amekwenda Tunduma kutafuta gari la mzigo, na mama mkwe alikuwa kanisani na kina mama wenzake. Mimi nilikuwa kando ya jiko nachambua maharage. Baba mkwe aliondoa bati, akapumzika kidogo, kisha akateremsha koroboi kwa kamba kama alivyofanya kila mwaka. Huko migodini walimfundisha kutanguliza moto. Moto ukizimika, hewa ya chini ni mbaya, mtu hashuki. Koroboi ikazimika. Akaivuta, akaiwasha, akaiteremsha tena. Ikazimika tena.

"Mafuta ya siku hizi," akamwambia mbwa, "ni maji matupu."

Hapo hakukosea. Tangu biashara iwe huria na maduka yajae bidhaa, mafuta ya taa yalichanganywa na kila kitu, na koroboi zetu zilikuwa zikizimika kila jioni bila hata upepo. Mzee hakuwa mjinga. Alikuwa na tochi mpya kutoka Tunduma, tochi inayowaka hata kwenye mvua. Akaichukua, akashuka nayo. Mbwa alichungulia shimoni, akarudi nyuma, akaanza kulialia.

Nilisimama, maharage yakamwagika. "Mbwa, mwambie baba atoke!" Ndivyo nilivyosema, hata saa ile bado nilipitia kwa mbwa. Nikasogea mdomoni mwa shimo, nikainama. Kule chini niliona mwanga wa tochi umetulia mahali pamoja, hautikisiki.

"Baba! Baba, toka!"

Kimya. Na kimya chake nilikuwa nimekizoea tangu siku niliyoolewa. Sikujua kama hanijibu kwa sababu mimi ni mkwe, au kwa sababu hawezi. Nikajifunga kanga kiunoni, nikaweka mguu kwenye ngazi.

"Usishuke."

Sauti yake kutoka chini ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyelemewa na usingizi. Nikatoa mguu, nikakimbia nikipiga yowe. Majirani walikuja na kamba. Walipepea shimo kwa matawi, wakamwaga maji, wakateremsha koroboi. Koroboi ile ile, mafuta yale yale, safari hii haikuzimika, na ndipo kijana mmoja akashuka. Viazi vya juu vilikuwa vizima. Vya chini vilikuwa uji mweusi. Mzee walimtoa amekwisha kufa, na tochi mkononi bado inawaka.

Kwenye matanga nilikaa mlangoni, wanapokaa wakwe. Mama mkwe alikuja akachuchumaa mbele yangu. Tangu msiba uanze alikuwa hajatoa chozi.

"Kuna neno alilosema?"

"Alisema, 'Usishuke.'"

"Alimwambia mbwa?"

"Hapana, mama. Aliniambia mimi."

Hapo akalia kwa sauti, na akiwa bado analia akanishika mkono, akaninyanyua pale mlangoni, akanikalisha kwenye mkeka wa mabinti zake.