Sare ya Kwaya Ndani ya Maranda

Kinu cha kukoboa mpunga kikizimwa hakinyamazi papo hapo. Sauti inashuka polepole, inalegea, inavuta pumzi ya mwisho, ndipo inakata. Hapa Mbeya kuna kimoja nyuma ya karakana ninayopigia msasa, na kila jioni kikizimwa mkono wangu unasimama wenyewe juu ya ubao. Bosi anadhani natega kazi. Sitegi, jamani. Nasikiliza kama mama yangu bado yupo nyumbani.

Ngoja niwaeleze, msije mkanifikiria vibaya.

Kwetu ni jirani na Kalenga, upande wa Iringa. Baba yangu ni seremala, na karakana yake ilikuwa imeegemea ukuta wa jiko, kwa hiyo vumbi la mbao lilikuwa mtu wa nyumbani. Vumbi la paini ya Mufindi lilikuwa jeupe, linanukia vizuri. La mninga lilikuwa la kahawia na linawasha pua kama pilipili. Tulikula nalo ugali na kulala nalo kwenye mto, na ukifungua Biblia Jumapili linadondoka. Mgeni akisifu chai yetu kwamba ina harufu nzuri, tulitazamana tu.

Baba alikuwa na mashine ya kuranda aliyoifunga mwenyewe juu ya meza ya mbao, lakini kumalizia alimalizia kwa randa ya mkono. Kwanza alipapasa ubao kwa dole gumba kutafuta nyuzi zimelalia wapi, maana ukiziranda kinyume zinanyanyuka na kuchanika. Akishapiga msasa aliniita. “Tumaini, lete shavu.” Nalaza shavu kwenye ubao. Nikisema panakwaruza, anarudia bila kubisha. Nilikuwa darasa la tatu na nilijiona fundi mkuu.

Shida ilikuwa kikohozi chake.

“Baridi hii ya Iringa,” alisema.

“Baridi gani inayokohoa rangi ya mninga?” Mama alimjibu.

Zahanati walishamwambia atafute namna ya kuliondoa vumbi, au aache kazi. Alifunga kitambaa kibichi puani siku mbili, siku ya tatu kikawa kinafutia gundi. Mama alinyunyiza maji sakafuni, akafungua madirisha, akanuna. Jioni moja tukiwa tunamenya viazi nilimsikia akimwambia, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimeizoea, “Baba Tumaini, mimi sitakaa nikutazame.”

Wiki ile ile akasema anakwenda Madibira kwa kaka yake, mjomba wangu mwenye kinu, kusaidia kuvuna mpunga. Wiki moja tu. Nilimbebea begi hadi barabarani. Zipu yake ilikuwa mbovu, ikafunguka, nikaona ndani, chini ya kanga, sare yake ya kwaya, ile ya bluu yenye kola nyeupe. Mama akalifumba begi haraka.

Nikabaki nimesimama na lile swali. Nani anavuna mpunga na sare ya kwaya?

Wiki moja ikawa tatu. Baba alipika ugali wenye mabonge na akaranda kuliko zamani, kana kwamba ameahidiwa zawadi. Mimi nikaanza kuchunguza kila mtu. Simu ikilia nilisogea. Baba akitoka nje kuongea, nami nilikumbuka kuni zilizoko nje.

Kisha Mama akarudi na gunia la mchele na kitu kizito kilichofungwa kwenye kitenge. Nilipokigusa kikalia ngo!

“Mama, mchele gani unalia kama sufuria?”

“Mtoto wewe una masikio ya polisi,” akasema, akakisukuma uvunguni. Kuanzia siku hiyo jina likawa hilo, Polisi, na mimi nikafanya kazi inayolingana na jina.

Maana vitu vilianza kupotea. Kwanza pipa dogo la maji, lile lenye mfuniko. Halafu kipande cha bomba jeupe kilichobaki tulipojenga choo. Halafu mpira wa ndani wa baiskeli ya Baba. Niliandika vyote nyuma ya daftari la Sayansi. Siku moja nikamfuata Mama hadi kwa fundi bati wa njia panda. Nikajificha nyuma ya mabati. Walikuwa wamechuchumaa, wanachora kitu mchangani kwa kijiti, na Mama alikuwa anacheka. Sikuipenda ile furaha. Nyumbani hakuwa anacheka hivyo hata na mimi.

Nikapiga hesabu za kichwa changu kidogo: mama yangu anahama. Begi lilikuwa la majaribio, na sasa anahamisha nyumba kwa vipande.

Nikaenda karakana. Baba alikuwa anamalizia mlango wa mninga wa mteja.

“Baba, Mama anahama.”

“Anahamia wapi?”

“Madibira. Pipa limeshaenda.”

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alisukuma randa, nayo ikashika, ikachimba, ikanyanyua mbao kipande kirefu kama kidole. Baba yangu! Mtu aliyejua nyuzi kwa kupapasa! Aliangalia lile jeraha la mlango, akapulizia vumbi, akakohoa.

“Usimwambie mtu,” akasema. “Na mama yako usimuulize.”

Hapo nikaogopa kweli. Kama Baba hakatai, basi ni kweli. Ikabidi nifanye jambo. Jumamosi Mama alipokwenda kisimani, nilichukua sare ya kwaya kabatini, nikaishindilia katikati ya gunia la maranda yaliyotoka kwenye randa kule karakana, nikafunga kamba. Akili yangu iliniambia hawezi kuhama bila sare. Nililala kama askari aliyekamata mwizi.

Nilichosahau ni kwamba kila Jumamosi jioni Mama Neema, jirani yetu, huja kuchukua maranda ya kutandika banda la kuku.

Jumapili asubuhi Mama alipekua kabati, kitanda, kamba ya nguo. “Nani amechukua sare yangu?” Baba alisimama mlangoni amevaa koti lake la kanisani. Hakumsaidia kutafuta. Alimtazama tu, kwa jicho ambalo leo ningeliita la mtu anayesubiri hukumu. Mimi nikakimbilia karakana, gunia halipo, nikarudi nikilia hadi kamasi.

“Nimeificha mimi! Ili usiondoke!”

Hakuna aliyeniuliza kuondoka kwenda wapi.

Tulikwenda wote watatu kwa Mama Neema. “Kamwene,” Mama akasalimia kwa Kihehe, kana kwamba tumekuja kuomba chumvi. Mama Neema akafungua banda alilomwaga maranda gizani usiku wa jana, na sare ilikuwa pale pale imetandazwa, kuku mmoja amekalia kola na chini yake kuna yai.

“Mama Tumaini!” Mama Neema akapiga makofi. “Kuku wangu ameokoka!”

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Kanisani hakwenda. Alirudi nyumbani, akavuta uvunguni kile chuma, nacho kilikuwa feni chakavu ya kinu cha mjomba. Mchana akaleta kutoka kwa fundi bati kitu mfano wa faneli kubwa la bati, akalikalisha juu ya pipa letu lililopotea, akaunganisha bomba la choo, akaziba viungo kwa mpira wa baiskeli. Baba akafunga mkanda kutoka mota ya mashine yake ya kuranda hadi kwenye feni. Walipowasha, Baba akaranda ubao mmoja wa paini, na lile vumbi jeupe, badala ya kuturukia usoni, likaingia bombani, likazunguka ndani ya faneli na kudondokea pipani.

“Pumba za mpunga zinavutwa hivi hivi,” Mama alisema. “Mpunga unapewa heshima hiyo, wewe ukose?”

Baba aliweka kiganja kwenye mdomo wa bomba. Kikanaswa. Akakiacha hapo muda mrefu.

Toka siku hiyo mwenye kuizima mashine alikuwa Mama. Kila jioni aliingia, akabonyeza swichi, sauti ikashuka polepole, na hiyo ndiyo ikawa kengele yetu ya chakula. Kikohozi kilipungua, ingawa hakikuisha. Hadithi ya Polisi aliyemkamata mama yake kwa sare ikawa ya kila Krismasi. Na nikiuliza sare ilikwenda Madibira kufanya nini, Mama alijibu kwamba kule kulikuwa na fundi cherehani mzuri wa kuipunguza kiuno.

Mwaka jana alikuja kunitembelea hapa Mbeya. Alikaa kwenye kigoda akinitazama napiga msasa, kinu cha nyuma kikazimwa, nasi tukasikiliza wote wawili mpaka kikakata.

“Ulikuwa umepatia,” akasema ghafla.

“Nini, Mama?”

“Nilikuwa nimeondoka. Niliimba kwaya ya kule Jumapili mbili. Sikuwa na mpango wa kurudi kumzika mtu anayejiua kwa ubishi.” Akapangusa vumbi kwenye goti langu. “Halafu nikawa nakaa kinuni kwa mjomba wako, natoka na nguo safi, pumba zote zimevutwa. Nikakasirika. Nilirudi kwa hasira, mwanangu, usidhani ni mapenzi.”

“Baba alijua?”

“Tangu siku ya begi. Hakuniuliza hata leo.”

Nikaukumbuka mlango wa mninga. Baba aliutia kiraka, akakipiga msasa, akaniita niweke shavu, na mimi nikasema hapakwaruzi. Nilidanganya. Nilimwonea huruma bila kujua kwa nini.

Krismasi iliyopita hadithi ile ilianza tena, na ilipofika pale kwenye kuku nilimwona Baba akiinamia sahani yake. Nikaanza kucheka mimi, kwa sauti kubwa kuliko wote, mpaka kila mtu akageuka kunitazama mimi.