Ukingo Tuliounywa

Harufu ya magome ya msesewe yaliyoanikwa juani ni chungu hata kabla hujayaonja. Inakaa kooni kama kidonge cha malaria kilichokwama. Uani kwa Bibi Elinipa, mama yake baba, harufu hiyo haikuisha, kwa sababu bibi alikuwa mpika mbege, pombe yetu Wachagga, na mbege bila msesewe ni ndizi na ulezi tu. Magome yalilala kwenye ungo karibu na zizi, na mimi, mwanafunzi wa darasa la nne, nilikaa kando yake nikifukuza kuku. Kwetu ni juu ya Moshi, mahali ambapo asubuhi unauona mlima wote na ikifika saa nne umeshajifunika. Watu walitoka mpaka Bomang'ombe kuja kunywa mbege ya bibi. Yeye alilijua hilo na kujivuna waziwazi, ingawa Jumapili alikaa benchi la mbele kanisani na kuinamisha kichwa kuliko wote.

Magome hayo yalitoka Bustani. Hakuna mtu aliyeipanda bustani hiyo. Kilikuwa kipande cha msitu kilichoachwa kwenye kona ya mto, chini ya vihamba vyetu vya migomba na kahawa, mali ya kijiji kizima, na jina lilitokana na walimu wa shule ya Jumapili waliokuwa wakitupeleka huko kuimba. Misesewe ilipanga mstari ukingoni, mizizi yake imeng'ang'ania udongo mwekundu mpaka majini. Sisi watoto tulikuwa na kila kitu pale: kivuli, bembea ya kamba za porini, mbega waliotudondoshea majani vichwani, na maji ya baridi ya kuuma meno. Tangu hapo nimeogelea baharini na kwenye mabwawa ya hoteli, na sijapata maji niliyoyapenda kama yale. Bibi alipokwenda kuchukua gome alibandua upande mmoja tu wa mti, upana wa kiganja, akapaka samadi mbichi kwenye kidonda, kisha akauacha mti huo upumzike miaka.

Mwaka ule kaka yangu Godlisten alipata kipaimara, na hakuwa peke yake. Karibu kila nyumba ilikuwa na mtoto wa kubarikiwa, kila nyumba ilitaka mbege ya wageni, na kila nyumba ikatuma mtu Bustani na panga. Hakuna aliyekuwa mwizi wala mwenye roho mbaya. Walikuwa na haraka tu. Aliyefika alikuta upande mmoja umeshabanduliwa, akabandua uliobaki, akaenda zake akijua kwamba amechukua kidogo. Sherehe zilifana sana. Godlisten alivaa suti iliyomzidi mabega, tukala nyama mpaka tukalala kwenye viti, na wazee wakaimba nyimbo za kanisa kwa sauti ambazo mchungaji alijifanya hazisikii. Ilipofika Pasaka, misesewe ilikuwa imekauka ikiwa imesimama, miti myeupe iliyovuliwa nguo.

Masika yakaja. Alasiri moja tukitoka shule tulisikia mshindo mtoni, tukakimbia, tukakuta kipande cha ukingo kimeanguka pamoja na miti yake mitatu na bembea yetu. Mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kila mvua iliyofuata ilimega kingine, na mahali tulipokuwa tunakaa kuimba pakawa hewa tupu. Bibi aliteremka na kanga kichwani, akasimama mbali na ufa. Nilikuwa nalia, na hakunibembeleza.

“Tumeunywa,” alisema. “Ukingo wote huu tumeunywa kwa kata.”

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, watu walibaki nje ya kanisa kuzungumzia mto. Mzee Aminiel, mwenyekiti wa kitongoji, aliwalaumu wenye ng'ombe. Wenye ng'ombe waliwalaumu wachimba mchanga, na wachimba mchanga wakawageukia watu wa ng'ambo. Bibi aliinuka kutoka kwenye ngazi.

“Ng'ombe hawanywi mbege,” alisema. “Mimi ndiye mpikaji, acheni niseme. Kuanzia leo sipiki na gome la mtoni mpaka miti irudi. Atakayenikuta na gome hata moja, amwage pipa zima.”

“Sasa mama, utatunywesha uji?” mtu mmoja aliuliza, na watu wakacheka.

“Mtakunywa uji,” alijibu bibi. Hakuwa anacheka. Jina lake lote lilikuwa katika uchungu ule wa mbege, na alikuwa ameliweka mezani mbele ya watu.

Ikaanza kazi. Kila Jumamosi palikuwa na msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo hukosi ila uwe mgonjwa, na hata ukiwa mgonjwa watu watapita kuhakikisha. Wanaume walipanga mawe kwenye kona. Wanawake walipanda majani ya mabingobingo mteremkoni na masale juu yake, mmea wetu wa mipaka na amani, kwa sababu hakuna Mchagga anayeng'oa isale bila kufikiria mara mbili. Sisi watoto tulitafuta miche ya msesewe iliyojiotea kati ya migomba, tukaibeba na udongo wake kwenye maganda ya mgomba, kila mmoja na mche wake na mahali pake. Nilirudi nyumbani na tope hadi masikioni, nikala kiburu, ndizi na maharage, kutoka sufuria moja na watoto wa watu, na sijui kama nimewahi kuwa na furaha iliyonijaa vile.

Mbege ya bibi mwaka uliofuata ilikuwa tamu, haina uchungu wowote. Mzee Aminiel alipokea kata, akanywa, akakunja uso, akanywa tena kwa adabu. “Aika, mae,” alisema, asante mama, na akaondoka mapema. Wengine hawakuwa na adabu hiyo. Wakahamia kwa mpikaji wa kijiji cha pili, aliyepata magome yake anakojua mwenyewe, na benchi za bibi zikabaki na kuku. Aliendelea kupika kidogo kidogo, kwa ajili ya ndugu. Hakulalamika hata siku moja, na hilo liliniuma kuliko kama angelalamika.

Leo ukingo ule ni mnene kwa miti. Misesewe imerudi, masale yamekuwa ukuta, mto unapiga kona yake bila kumega kitu. Kwenye kipaimara siku hizi watu wanaagiza kreti za soda na bia, na vijana wakishuka Bustani wanapiga picha, kisha wanapanda kurudi. Sijawahi kukuta mtoto majini. Naishi Shirimatunda, si mbali, na bibi alipokuwa hai nilikuwa napanda kumwamkia kila masika. Miguu yake ilikuwa imekataa mteremko, hivyo hakuuona mto miaka mingi. Hata shikamoo yangu hajaiitikia vizuri, alishauliza: “Umepita mtoni? Ukingo umeshika?” Namwambia umeshika, bibi. Ananiuliza miti imefika wapi, namwonyesha unene kwa mikono yangu, naye anaishika mikono hiyo na kuipanua kidogo, kama mtu anayetaka aongezewe.

Masika haya yamekuwa makubwa. Nimekwenda mtoni peke yangu, nimekagua kona yote, nimegusa mti baada ya mti, hakuna hata ufa. Nikapanda haraka mpaka uani kwake kupeleka jibu, na nilikuwa nimeshafika mlangoni, mikono imepanuka, nilipokumbuka kwamba nyumba imefungwa.