Masikio ya Shosho

Daktari alikigeuza kichwa cha binti yangu kushoto, akakigeuza kulia, akapima kwa rula ndogo ya plastiki nafasi iliyokuwa kati ya sikio na kichwa, kisha akaniangalia mimi. Akatabasamu. "Hakuna haja ya kuuliza yametoka wapi," akasema. Mke wangu akacheka. Binti yangu hakucheka, nami nilijikuta nimeinua mkono kuyafunika yangu, kama mtu aliyefumaniwa na kitu cha wizi.

Masikio yetu hayalali kichwani kama ya watu wengine. Yamesimama, yanatazama mbele, na jua likiwa nyuma yetu yanawaka mekundu. Mimi niliyapata kwa mama. Kati ya watoto wake wote ni mimi tu niliyeyapata, na katika watoto wangu akayapata yule hasa ambaye hakupaswa kuguswa.

Nieleze. Kwetu Nyeri, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na si jina tu. Mtoto anakuwa yeye. Ndiyo maana binti yangu simwiti kwa jina lake, namwita Mami, vilevile ninavyomwita mama yangu mzazi, na nikimkaripia mbele ya shangazi zangu nakatwa jicho. Mama naye, ambaye binti yangu humwita Shosho, yaani nyanya, huniita Baba, kwa kuwa nimebeba jina la baba yake. Mgeni akizisikiliza simu zetu anaweza kufikiri sote tumerukwa na akili.

Siku binti alipozaliwa, mama alifika wodini na thamosi ya uji, akafunua shali, akamtazama mtoto, akacheka hadi muuguzi akaja kuona kulikoni. "Amenifuata mpaka masikio!" alisema. Kisa hicho tulikisimulia kila mwaka, kila sherehe, na mimi nilikisimulia kwa sauti kubwa kuliko wote. Kwangu kilikuwa muhuri kwamba jina limeshika.

Tulihamia Doha mtoto akiwa bado hajaanza shule. Mimi nashughulikia kompyuta za ofisi moja mjini, mke wangu ni muuguzi, na tunaishi Al Thumama, ambako ndege zinapita chini kiasi kwamba ukiwa kwenye simu unalazimika kunyamaza kidogo. Masikio hayakuwa shida hadi alipofika umri wa kujiangalia. Darasani wakaanza kumwita Dishi. Akawa anaumwa tumbo kila siku ya kuogelea, kwa sababu kofia ya kuogelea haifichi kitu, inasukuma tu. Kwaya ya watoto ya kanisa letu kule Mesaimeer, ambako ibada ni siku ya Ijumaa, kwaya aliyokuwa akiipenda kuliko kanisa lenyewe, aliiacha Ijumaa ambayo mwalimu aliwataka wasichana wote wafunge nywele nyuma.

Na mimi, nikijiona mzazi mchangamfu, nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa natania. "Mami, hayo yananasa mtandao," nilimwambia mezani, tonge la ugali mkononi. "Tutaacha kulipia intaneti." Nilidhani ninamkomaza. Leo nikiukumbuka mzaha ule nataka kujizaba kofi, maana hakuwa na mahali pa kukimbilia: shuleni Dishi, nyumbani intaneti.

Asubuhi moja basi la shule lilikuwa likipiga honi na yeye hatoki bafuni. Nilipofungua mlango nilimkuta anabandua selotepu nyuma ya masikio, ile pana ya kufungia maboksi, na ngozi ilikuwa imechubuka ikitoa majimaji. Ilikuwa ndiyo kazi yake ya kila siku, kuyabandika alalapo na kuyabandua kabla hatujamwona. Alinitazama kwenye kioo. Hakulia. Aliniuliza kama selotepu zilizokuwa kwenye droo zilikuwa za ofisi, na kama ningegombezwa.

Mke wangu alitaka operesheni siku hiyohiyo. Aliwahi kufanya kazi kwenye wodi za upasuaji, anajua ni jambo dogo. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema mambo mengi ya kijinga, na la kijinga kuliko yote nililisema mbele ya mtoto mwenyewe: "Hayo masikio si yako peke yako. Ni ya Shosho."

"Basi Shosho aje ayavae shuleni," akajibu.

Nilimfokea kwa utovu wake wa adabu. Kisha nikaenda kukaa ndani ya gari chini, injini inawaka, eisi inanipuliza usoni, na nikajua nimeshindwa na mtoto wa darasa la sita kwa haki kabisa.

Kwa hiyo tukaenda. Daktari, Mlebanoni mpole mwenye vidole virefu, alitueleza kwamba angekata nyuma ya sikio, mahali pasipoonekana, akunje gegedu na kulishona liegemee kichwa. Kulala kwa dawa ya usingizi, bandeji siku chache, kisha ukanda wa kichwa kwa wiki kadhaa. "Halafu khalas, imekwisha," akasema. Mwanangu akaitikia kwa kichwa kama mtu mzima anayekubali bei.

Kilichoniumiza siku ya operesheni si hofu ya dawa. Kwa kawaida yetu, mtu aliyebeba jina la mzee huwezi kumfanyia jambo kubwa bila kumwuliza mzee. Hata kumnyoa mara ya kwanza tulipiga simu. Safari hii nilikuwa nimempeleka akakatwe mwili bila kumwambia mwenye jina, kwa sababu niliogopa atasema hapana, na vilevile niliogopa atasema sawa huku moyo umemvunjika. Walipokuwa wakimsukuma kuelekea chumba cha upasuaji nilimwinamia nikamnong'oneza, "Shosho tusimwambie kwanza." Mtoto anaingia kupasuliwa, na neno la mwisho la baba yake ni kumfundisha uongo.

Uongo huo uliota miguu. Kwenye simu za video mama aliuona ule ukanda, nikamwambia mtoto anaumwa na masikio. Nilidhani yataishia hapo. Mama akapeleka ombi kwa akina mama wa kanisa lake, wakayaombea masikio ya mjukuu. Halafu akafunga. Alikuwa anaacha chakula cha mchana, mama yangu mwenye kisukari, akiomba Mungu aponye masikio ambayo nilikuwa nimelipa yakatwe. Niliposikia nilimwambia haraka kwamba amepona, kabisa, asante Yesu. Akashangilia hadi simu ikakwaruza. Sijawahi kujichukia kama dakika ile.

Likizo ya shule ilipofika, mama akaja. Viza ilikuwa imepangwa tangu zamani, singeweza kuirudisha nyuma. Tulipokuwa tunatoka kwenda kumpokea, binti yangu alikuja sebuleni amefunga nywele zote juu, mkia wa farasi, shingo wazi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nilimwambia labda azishushe kidogo, kwa leo tu. "Baba, mimi sijakosea," akasema. Mke wangu akanitazama, nikachukua funguo za gari.

Mama alitoka amevaa sweta la baridi ya Nyeri kwenye joto la Doha, akisukuma toroli lenye maboksi yaliyofungwa kamba. Alimkumbatia mjukuu wake, akamshika mashavu, akamtazama. Akamtazama tena. "Umerefuka, wangu," akasema. Basi. Njiani aliuliza kuhusu majengo, kuhusu nyasi wanazimwagiliaje. Kesho yake hakusema kitu, wala kesho kutwa. Kila alipomsuka mjukuu wake, vidole vyake vilipita nyuma ya masikio yale, kwenye kovu jembamba, vikaendelea na kusuka. Mimi nilikuwa nimekaa palepale nikijifanya nasoma simu.

Nilivumilia hadi Ijumaa. Tulikuwa tumetoka Mesaimeer, ambako binti alikuwa ameimba tena mstari wa mbele, na mke wangu alikwenda kazini moja kwa moja. Mama alikuwa jikoni anasukuma chapati, mimi nikapewa kazi ya kuzichoma. Nikaona ni sasa au basi.

"Mami, nisamehe," nikasema. "Hakuwa mgonjwa. Tulimpeleka akafanyiwa operesheni ya masikio, na nikakudanganya. Ni jina lako. Ilifaa nikuulize kwanza."

"Kwani unafikiri mimi ni kipofu?" Hakuinua uso. "Nilijua tangu uwanja wa ndege."

"Na hukusema kitu."

"Nilikuwa nangoja mwenye mdomo aseme."

Nikaanza kujitetea, nikamweleza kuhusu shule na selotepu na ngozi ilivyochubuka, nikamwambia najua alivyoyapenda yale masikio, jinsi alivyofurahi siku ile wodini, na kwamba nimejiona kama niliyemkata yeye. Aliacha kusukuma.

"Nani alifurahi?"

"Wewe. Ulicheka hadi muuguzi akaja."

"Baba, mke wako alikuwa amelala hapo kitandani, ametoka kuzaa, ananiangalia uso nitasema nini. Ulitaka nilie?" Alipangusa unga mikononi kwa kanga. "Nililia nyumbani. Nilimwambia Mungu, jina nilimpa kwa furaha, haya mengine nani aliyaomba? Hata wewe ulipokuwa mchanga nilikuwa nakufunga kichwa kwa kitambaa, nakaza, nakaza, mpaka nyanya yako akaninyang'anya mtoto akasema nitakuua."

Miaka yote ile nilikuwa nikisimulia kilio chake kama kichekesho, mbele ya wageni, mbele yake mwenyewe, naye anatabasamu na kupakua chakula. Nilikuwa nimejipakia mzigo wa kumvunjia heshima, kumbe ule haukuwa mzigo wangu. Wangu ulikuwa mwingine, na ulikuwa mkubwa zaidi, na nilikuwa nimeubeba tangu zamani bila hata kuuhisi.

Akachukua donge lingine, akaliweka kwenye ubao, akalisukuma mara mbili tatu. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Huyo daktari, anapokea hata wazee?"

Nilicheka. Kilinitoka kabla sijafikiri, kicheko kamili, cha tumboni. Mwanamke wa miaka yake, na sweta lake, na kisukari chake, kwenye kile kiti cha kliniki akipimwa kwa rula! Naye akacheka pamoja nami, kidogo, kwa adabu. Alinyamaza kabla yangu. Na ilikuwa katika ile nafasi ndogo, mimi bado nacheka peke yangu, ndipo nilipomwona usoni, na nikatambua kwamba alikuwa ameuliza swali ambalo hajawahi kumwuliza mtu yeyote tangu azaliwe.

"Mami..." nikasema.

"Geuza hiyo chapati," akasema, "inaungua."

Nikaigeuza.